Subaru turbo ya zamani hapa Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuitunza na kuiongezea nguvu

Haya ni majibu kwa wenye Impreza WRX, STI na Forester turbo, hasa zile za kuanzia 2000 mpaka 2007 zenye injini ya EJ20, maana ndo zimejaa mjini na ndo zinaleta maswali kila wiki. Mwenye Chaser au Altezza naye atapata cha kuchukua, ila vitu vingine kwake vitakuwa tofauti.

Nimelipata gari juzi tu, nianze na modi (mabadiliko ya kuongeza nguvu) gani?

Usianze na modi mkuu. Najua jibu hili halipendezi lakini hapa ndo magari mengi yanapofia. Gari ina miaka ishirini, huko Japani hujui ilitunzwa na nani, imeshuka bandarini imekutana na joto la Dar na foleni ya Mandela, af wiki ya kwanza tu inafungiwa ekzosi kubwa na busti (presha ya hewa ya turbo) inapandishwa. Hela ya kwanza yote iende kwenye kuirudisha ilivyotoka kiwandani, yani taimingi belti na wenzake wote, waterpampu, themostati, mipira ya maji, vipaipu vya vakyumu, plagi, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, pamoja na fluidi ya breki.

Halafu kuna kitu watu hawakiangalii. WRX ya Japani ya GDA iliandikwa farasi 250, STI 280, Forester XT ya SG5 220. Nyingi zinazozunguka hapa mjini hazitoi hata hizo, kwa sababu kipaipu cha vakyumu kimepasuka mahali, plagi zimechoka, intakula (kipoza hewa ya turbo) inavuja kwenye maungio, sensa ya hewa imejaa vumbi. Farasi waliopotea ni bei rahisi kuwarudisha kuliko kununua wapya, na ukiwarudisha ndo unajua kama kweli unahitaji zaidi.

Nakagua vipi kabla sijatoa hela?

Nenda asubuhi na umwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya injini, ikiwa ya moto rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyoshapashwa inaficha vitu vingi sana. Iwashe mwenyewe ukiwa umefungua boneti. Mlio mwepesi wa tok tok unaosikika ikiwa baridi na kupotea ikishapata moto, hizi EJ nyingi zinao, ni pistoni inagusagusa ukuta wa silinda kabla haijatanuka na mara nyingi gari inaishi nayo miaka. Ila mlio mzito, unaokuja au kuongezeka injini ikiwa ya moto na unaofuata mguu wako kwenye akseli, hiyo ni beringi. Usijadiliane bei, ondoka.

Angalia moshi. Wa bluu ni oili inaungua, inaweza kuwa turbo au ringi za pistoni. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto na maji yanapungua, fikiria gasketi ya silinda hedi. Angalia na rizavu ya maji injini ikiwa inaunguruma, mapovu yanayokuja mfululizo hayaishi sio dalili nzuri. Af lipia fundi apime kompresheni silinda zote nne, namba zikipishana sana usidanganywe kwamba "itakaa sawa ukibadilisha oili". Silinda namba 4 ndo inalalamikiwa sana kwenye hizi injini.

Inama uangalie kutu pia, hasa matao ya tairi za nyuma na pale shokapu za nyuma zinaposhika bodi. Gari iliyokaa Kigamboni au Mbezi Beach karibu na bahari kwa miaka inaweza kung'aa juu na kuoza chini.

Nitajuaje kama ni STI kweli au imevalishwa tu?

Soma namba ya chasisi, usisome nembo. Za Japani zinaanza na herufi za modeli: GDB ndo STI, GDA ni WRX, GGA ni WRX ya wagoni, GD2 na GD3 ni za cc 1500. Namba hiyo ipo kwenye bodi na ipo kwenye kadi ya gari, zifanane. STI ya GDB ina giaboksi ya gia sita, WRX ya manyuo ya wakati huo ni gia tano. Spoila kubwa, sikupu (tundu la hewa) ya boneti na viti vinanunuliwa popote. Tangu Colin McRae achukue ubingwa wa dunia wa rally mwaka 1995 na Impreza, af Richard Burns 2001 na Petter Solberg 2003, kila mtu anataka ionekane ya bluu yenye rimu za dhahabu, hamna ubaya kabisa, ila usilipie bei ya STI kwa gari ya cc 1500.

Kama nataka kuagiza mwenyewe, umri wa gari unaathiri kodi?

Ndio, sana. Gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na ya kati ya miaka 8 na 10 ni asilimia 15, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Magari tunayoyaongelea hapa yote yapo kwenye kundi la kwanza. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA ufanye hesabu kabla hujalipa mtu yeyote nje, wengi wanakuta kununua iliyopo tayari mjini yenye historia ya kueleweka ni nafuu.

Taimingi belti nibadilishe lini? Dashibodi inasema km 84,000 tu.

Badilisha sasa, kama huna ushahidi. Kiwanda kinasema km 100,000 lakini mita ya gari iliyopita mikono mingi haina maana, na mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki. Belti ikikatika kwenye hizi injini valvu zinakutana na pistoni, na hapo umeingia kwenye gharama ya injini nzima.

Ushahidi wenyewe mara nyingi upo kwenye gari. Gereji za Japani zinapobadilisha belti hubandika stika kwenye injini au kwenye fremu ya mlango, ina tarehe na kilomita. Tarehe unaweza kuikuta kwa mwaka wa Heisei, sasa chukua namba hiyo ujumlishe na 1988, kwa mfano Heisei 18 ni 2006. Kama stika inasema belti ilibadilishwa km 110,000 na dashibodi inasema 84,000, umeshapata jibu la maswali mawili kwa mpigo.

Ukibadilisha, badilisha na tenshena, puli zake na waterpampu, vyote vinakaa sehemu moja na ufundi ni ule ule. Puli ya zamani ikiganda belti mpya nayo inaondoka.

Oili gani, na baada ya kilomita ngapi?

Full sintetiki, kwa hali yetu 5W-40 au 10W-40 inafaa kwa turbo nyingi, km 5,000 ndo mwisho, na kama unaishi kwenye foleni ya Mbagala au Kimara kila siku shuka mpaka 3,000, maana injini inazunguka masaa mengi wakati kilomita hazisogei. Nunua kwa wakala anayeeleweka, oili feki ipo na makopo yake ni mazuri kuliko ya orijino.

Kikubwa zaidi ni kupima. EJ turbo kula oili kidogo ni kawaida, kuishiwa ndo kunaua beringi. Kila ukijaza mafuta pima, gari ikiwa kwenye usawa na imezimwa dakika kadhaa. Stiki yake inasumbua kusoma kwa sababu ikitoka inajipaka oili ukutani mwa kipaipu, unakuta upande mmoja unaonyesha imejaa na upande wa pili ipo nusu. Futa, chomeka tena taratibu, soma pande zote mbili na uamini ule wa chini.

Na kama unataka kujua injini yako inaendeleaje, kila ukimwaga oili omba ile filta ya zamani. Ikate kopo lake kwa kikata bati, usitumie msumeno maana utaleta unga wako mwenyewe wa chuma. Toa karatasi ya ndani, ikamue oili, itandaze kwenye kitambaa cheupe juani na uipitishe macho mkunjo kwa mkunjo. Weusi ni kawaida. Vumbi la kung'aa kidogo sana kwenye injini iliyotoka kufunguliwa ni kawaida. Ila ukiona vipande vinameta kama glita, pitisha sumaku: vikishika ni chuma, visiposhika na vina rangi ya fedha au shaba hizo ni beringi zinaondoka, na hapo injini bado haijaanza hata kugonga. Ukisimamisha gari siku hiyo unaokoa krankshafti na bloku.

Kingine, baadhi ya EJ turbo zina kichujio kidogo sana ndani ya boliti ya kipaipu kinachopeleka oili kwenye turbo. Oili chafu ikikiziba turbo inakufa kwa kiu. Fundi akikuambia turbo imekufa, kabla hujanunua nyingine muulize kama amekiangalia.

Fundi amesema hapa Dar kuna joto, tutoe themostati. Nikubali?

Hapana, hapana kabisa. Themostati kazi yake sio kuzuia ubaridi tu, inaifanya injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Ukiitoa, kwenye mwendo injini inakaa baridi kupita kiasi, kompyuta inadhani bado haijapata moto inaendelea kumwaga mafuta mengi, mafuta yanaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Watu wanaosema "Subaru inakunywa mafuta" wengine tatizo lao ni hili tu. Kama gari inachemsha ikiwa na themostati nzima, kuna kitu kingine kibovu kinatakiwa kutafutwa. Weka mpya, orijino, maana za bei chee nyingi hazifunguki vizuri.

Kwenye barabara ya wazi ipo poa ila kwenye foleni geji inapanda. Nini?

Anza na feni, zinatakiwa zote mbili ziwake, na ukiwasha AC zizunguke. Kisha rejeta, iangalie mbele imejaa vumbi na wadudu na ndani imeziba na chumvi, maana wengi wanajaza maji ya kisima na visima vingi vya Dar vina chumvi. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa basi. Kisha mfuniko wa rejeta, kitu kidogo kinachosahaulika, springi yake ikichoka presha inatoka na maji yanachemka mapema.

Kama ilifunguliwa hivi karibuni fikiria hewa. Injini hii imelala na hewa inajificha kirahisi. Kwenye turbo jazia pale juu kabisa, kwenye lile tangi dogo lililo karibu na turbo, taratibu, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, uache iungurume mpaka mapovu yaishe na feni ziwake na kuzima.

Ikipanda ukiwa barabarani, zima AC, washa hita ya moto mpaka mwisho, tafuta pembeni usimame. Usifungue mfuniko na usimwagie injini maji baridi.

Nimeambiwa petroli yetu inaua STI. Ni kweli?

Kuna ukweli mkubwa ndani yake. Gari hizi Japani zilitengenezwa kunywa petroli ya hali ya juu, okteni 100 (okteni ni uwezo wa petroli kutojiwasha yenyewe ikibanwa), na ramani ya kompyuta yake, yani mpangilio wa mafuta na cheche, imepangwa kwa hiyo. Pampu zetu hazitoi 100. Okteni ikiwa ndogo na busti ipo juu, mchanganyiko wa hewa na mafuta unajiwasha wenyewe kabla ya wakati wake ndani ya silinda, presha inapiga pistoni ikiwa bado inapanda. Kompyuta ina sensa ya kusikiliza huo mgongano na inarudisha taimingi ya cheche nyuma kujilinda, kwa hiyo kwanza unapoteza nguvu, na ukiendelea kukanyaga kwenye joto la Januari saa nane mchana na intakula imeshapata moto, kinachofuata ni kuvunjika kwa kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Hapo kompresheni imeenda, moshi wa bluu, basi.

Ongeza na hili: intakula ya WRX imekaa juu ya injini, kwenye foleni inapashwa na joto la injini lenyewe. Ukitoka foleni ya Ubungo usikanyage mita mia za kwanza, ipe dakika moja mbili za hewa. Na fungua boneti uone kama lile pira linaloziba kati ya sikupu na intakula lipo, nyingi zimekuja bila hilo au limeoza, hewa inapita pembeni tu.

Suluhisho la kweli ni kuitengenezea ramani ya petroli inayouzwa hapa. Impreza nyingi za kuanzia miaka ya 2000 kompyuta yake inaprogramiwa upya kupitia soketi ya dayagnosisi bila kununua kompyuta nyingine. Mtyuni awe na geji ya waidibendi ya kupima mchanganyiko, arekodi data na akusomee, apunguze busti na taimingi mpaka mgongano uishe. Usipakie ramani ya mtu wa Uingereza uliyoipata mtandaoni, yeye ana petroli yake na baridi yake. Vichupa vya kuongeza okteni wanavyoandika "pointi 20" maana yake mara nyingi ni okteni 2 tu, sio 20.

Kutoa masega (vichujio vya moshi ndani ya ekzosi), kuweka filta ya wazi na blow-off (valvu inayotoa hewa ya turbo ukiachia akseli) ya kupiga mluzi, kuna madhara?

Masega ukiyatoa na kuweka ekzosi kubwa bila kutyuni, turbo inapumua kirahisi na busti inaweza kupanda kupita ile iliyopangwa, hasa usiku kukiwa na ubaridi. Kuna Impreza zina masega mengine kabla ya turbo, yale yakianza kubomoka vipande vinaingia moja kwa moja kwenye turbo, hayo ndo yana sababu ya kutolewa. Ya chini yaache kama hutaki kunusa moshi ndani ya gari kila ukisimama taa nyekundu.

Filta ya wazi kwenye gari yenye sensa ya hewa, bomba likibadilika kipenyo sensa inasoma uongo, kompyuta inatia mafuta machache, na mafuta machache pamoja na busti vinaleta mgongano ule ule niliousema hapo juu. Tena ile filta inavuta hewa ya moto ya injini. Boksi la kiwandani na filta mpya safi linatosha kabisa kwa gari ya mtaani.

Blow-off ya kutoa hewa nje: hewa hiyo imeshahesabiwa na sensa, ukiitoa nje mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi ghafla, ndo ile gari inakohoa ukibadili gia au inazima ukifika kwenye taa. Weka inayorudisha hewa ndani.

Na ule mngurumo wa Subaru unaopendwa hautoki kwenye mafla, unatoka kwenye hedas, yale mabomba ya kutoa moshi kwenye injini, yasiyolingana urefu. STI za Japani za baadaye zenye turbo ya twin scroll (yenye njia mbili za moshi) zina hedas zinazolingana, kwa hiyo ikinguruma tofauti sio mbovu.

Rimu za Toyota zinaingia?

Boliti zinaweza kulingana, 5x100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100) ipo kwenye Toyota kadhaa na kwenye WRX (STI za kuanzia modeli ya 2005 zilienda 5x114.3). Shida ni tundu la katikati, Toyota hizo ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1, haiingii mpaka rimu ichongwe kwenye lethi. Nati nazo usichanganye, Subaru ni M12 yenye uzi wa 1.25 na Toyota ni 1.5. Mtu wa tairi akikuambia "inaingia tu kaka ngoja nikaze na mashine" mzuie, anaenda kukukatia stadi.

Nibadilishe tairi mbili tu kwanza?

Kwenye gari inayovuta tairi zote nne, hapana. Tairi mpya na iliyolika zina mzunguko tofauti, difu ya kati inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, inaungua. Zote nne saizi moja, aina moja, mzunguko usipishane zaidi ya kama milimita 6. Na siku ikikuharibikia, kataa brekidauni ya kunyanyua mbele na kuburuza nyuma, subiri ile inayobeba gari zima.

Kushusha gari kwa barabara zetu?

Kidogo. Milimita 25 mpaka 30 unaishi nayo, zaidi ya hapo matuta ya mtaani yanakula mafla na sampu ya oili. Usikate springi. Kabla ya koilova (shokapu na springi za kurekebisha urefu) badilisha bushi, boljointi na stabiliza linki, gari nyingi "zinazoyumba" zimechoka mipira tu, ukiiweka mipya utashangaa ilivyotulia.

Masika je?

Usiingie kwenye maji usiyoyajua kina, Jangwani au popote. Injini ikivuta maji pistoni haiwezi kuyabana, konrodi inapinda. Ikizima ndani ya maji usipige stata tena, isukumeni nje, toa plagi zote ndo uizungushe.

Spea nipate wapi?

Kariakoo na Gerezani kwa mpya, Ilala Shauri Moyo kwa used. Vitu vya kununua vipya tu: belti, puli, waterpampu, gasketi, sensa, plagi, chochote cha breki. Used zinazoeleweka: bodi, taa, rimu, viti, intakula, giaboksi ukiwa na fundi pembeni. Injini ya used ndo ya kuogopa, hakuna anayejua ilitolewa kwa nini kwenye gari ya kwanza. Ukiinunua angalau fungua sampu uone kama kuna vipande vya beringi, pima kompresheni, na funga belti mpya ikiwa bado nje ya gari, kazi inakuwa rahisi mara mbili. Beba namba ya spea kutoka kwenye chasisi yako, EJ20 zipo nyingi na hazifanani.

Nikiweka injini nyingine au kubadili rangi inatosha kuendesha tu?

Hapana, kadi ya gari ina namba ya injini na rangi, inabidi ibadilishwe TRA, ukisimamishwa au ukitaka kuuza ndo utaona umuhimu. Kama una bima kubwa waambie kwa maandishi modi ulizofanya kabla ya ajali.

Nina turbo taima (kifaa kinachoiacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima), ni lazima?

Kama umetoka kukanyaga barabara ndefu, iache iungurume dakika moja hivi kabla ya kuzima ili oili iendelee kupoza turbo. Ukitoka kwenye foleni ya taratibu imeshapoa yenyewe, zima. Kubwa zaidi ni asubuhi: usivuke mizunguko 3,000 mpaka oili ipate moto, na oili inachelewa kuliko geji ya maji.

Naweza kuitumia kila siku kwenda kazini?

Unaweza, wengi wanafanya hivyo. Mjini mwendo ni 50 kwa hiyo farasi wengi watakaa bila kazi, na mafuta itakunywa kuliko IST ya jirani. Ukiipaki muda mrefu toa terminali ya betri, jaza tanki ili kutu isishike ndani, usivute hendibreki kwa nguvu maana kwa unyevu wa huku viatu vyake vinaganda kwenye dramu iliyo ndani ya diski, weka jiwe kwenye tairi badala yake.